Boma na Kituo: Nyumba ya Askari katika Masasi na Newala

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo nchi inakatika ghafula na kuteremka kuelekea bonde la mto Ruvuma. Karibu na poromoko ambalo wenyeji hulitaja kwa jina la Shimo la Mungu, lipo boma lililojengwa zamani za Wadachi. Boma hilo halikuachwa liwe gofu. Baada ya Wadachi kuondoka lilipita katika mikono ya watawala wengine, na katika miaka ya karibuni watu wa mji wamelijua kuwa ni kituo cha polisi. Mtu aliyeibiwa baiskeli yake, au mwanamke aliyepigwa usiku, hupeleka shauri lake katika nyumba iliyojengwa ili babu zake waogope.

Jambo hili si la Newala peke yake. Katika Masasi pia, na katika wilaya nyingi za Tanzania, nyumba ya askari imebadilika kazi mara nyingi kuliko ilivyobadilika sura. Mwenye kutaka kuijua tarikhi yake akitazama kuta tu atapotea. Yafaa atazame mlango, na kuuliza katika kila zama swali moja: ni nani aliyekwenda pale kwa miguu yake mwenyewe, na ni nani aliyepelekwa?

Maneno yenyewe yana habari ya kutoa. Boma kwa asili ni uzio, yaani miti iliyochomekwa ardhini au miiba iliyokusanywa kuzunguka nyumba za watu na mifugo yao, ili adui na mnyama mkali wabaki nje. Aliyekuwa ndani ya boma ndiye aliyekuwa salama. Ulipokuja utawala wa kigeni neno liligeuka maana bila ya kugeuka sauti: boma likawa nyumba ya serikali, aliyekaa ndani ni mtawala na askari wake, na raia ndiye aliyekuwa nje ya uzio. Gereza nalo, kama wanavyoeleza wataalamu wa lugha, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa; pwani likawa jina la ngome, kama ile ya Kilwa Kisiwani, na mwisho likawa nyumba ya wafungwa. Kituo ni neno la wasafiri. Ni mahali pa kutua mzigo, na wapagazi waliotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Lindi walivihesabu vituo vyao kama mkulima anavyohesabu miezi ya mvua. Uzio, ngome, na mahali pa kutua mzigo: katika maana tatu hizi imo karibu habari yote ya nyumba ya askari.

Kabla ya Wadachi hapakuwa na polisi katika nchi hii, walakini hapakukosekana ulinzi wala hukumu. Wamakonde walikaa uwandani katika vijiji vidogo vilivyofichwa na vichaka vizito, na vichaka vile vilikuwa ngome yao dhidi ya wafanya biashara ya watumwa na mashambulio ya Wangoni. Hapakuwa na mfalme mmoja juu yao. Ugomvi uliamuliwa na wakubwa wa koo barazani. Aliyekosa alilipa fidia, na heshima ya ukoo wake ndiyo iliyokuwa dhamana ya kuwa atalipa. Wayao, waliokuwa na watawala wenye sauti zaidi, walikuwa na mkubwa wao Matola katika Newala, na watu wengi wenye shida walitafuta himaya kwake.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta Masasi watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, akawatoa Unguja ili waanze maisha mapya karibu na nchi walizozaliwa. Kijiji hicho kilikuwa jambo geni. Wakazi wake hawakuwa wa ukoo mmoja, na mkubwa wa kumshitakia mwizi au mgoni hakuwapo. Wamisionari wakajikuta mahakimu bila ya kutumwa na dola yo yote. Tena mwezi wa Septemba 1882, walipofika Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara, ilidhihirika kuwa kanuni za kijiji haziwezi kuzuia mikuki. Nyumba zilichomwa, watu walichukuliwa mateka, na baadhi ya waliosalia walihamia Newala kwa Matola. Kwa hiyo watu wa Masasi walijifunza mapema kuwa anayekosa mlinzi hana budi kumtafuta, na kwamba kila mlinzi ana bei yake.

Wadachi waliishika Lindi mwezi wa Mei 1890, na kutoka pwani wakaanza kupanda bara. Aliyewazuia kwa muda mrefu kuliko wote ni Machemba, mkubwa wa Kiyao aliyekaa Luagala, huko huko uwandani. Wissmann alipomtaka atii, Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili kwamba yu tayari kwa urafiki na biashara, lakini haoni sababu ya kuwa mtumishi wa mtu asiyemjua. Vikosi vilivyotumwa kumkamata vilihangaika vichakani. Mwaka 1898 ilitoka amri ya kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na suala la utii likawa suala la fedha. Mwaka 1899 Machemba alishindwa, akavuka Ruvuma na kuingia katika nchi ya Wareno. Tangu hapo hapakuwa tena na mkubwa uwandani ambaye neno lake lilikuwa kubwa kuliko neno la boma.

Askari wa polisi wa Kidachi waliwekwa chini ya mkuu wa wilaya aliyekaa Lindi. Hawakuwa sawa na askari wa jeshi la Schutztruppe, ingawa wengi wao walikuwa wametoka katika jeshi hilo na mafunzo yao yalikuwa ya vita. Vita vya 1914 vilipoanza, polisi hawa walikuwa 2,000 na ushei tu, kwa nchi nzima yenye watu kwa mamilioni. Hesabu hii yafaa ikumbukwe, kwa maana inaeleza ukali wa zama zile. Serikali isiyo na watu wa kutosha kukaa kila kijiji ilitegemea hofu ikae mahali pa askari. Kiboko kilifanya kazi ya askari wasiokuwapo. Adhabu ya viboko 25 ilijulikana kwa jina la hamsa ishirini, na wafungwa waliofungwa shingoni kwa mnyororo mmoja walifanya kazi hadharani ili wengine waone. Chini ya boma walikuwapo maakida na majumbe, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuleta: kuleta kodi, kuleta vibarua wa barabara, kuleta watu waliotakiwa. Katika miaka ile mtu wa kawaida hakwenda bomani. Alipelekwa.

Vita vya Maji Maji vilipofika Masasi mwishoni mwa Agosti 1905, wamisionari walikimbilia Lindi na misheni yao ikachomwa moto. Misheni za Wabenedikto za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa vile vile. Wakubwa wengine wa Kiyao, kama Nakaam wa Chiwata, walisimama upande wa serikali, na jambo hili lawaonya wanaodhani kuwa nchi nzima iligawanyika kwa rangi tu. Kila mkubwa alipima ni boma lipi litakalosimama baada ya vita, akachagua.

Mwaka uliofuata, 1906, alifika Karl Weule, mtaalamu wa elimu ya makabila kutoka Leipzig. Alizunguka Masasi, Newala na Mahuta akiwa na ulinzi wa askari wa polisi aliopewa Lindi, na katika Newala makazi yake yalikuwa bomani. Alinasa nyimbo kwa mashine ya fonografu, alipiga picha, na aliuliza habari za jando na unyago. Kitabu chake kilitoka 1908, na hadi leo hakuna anayeandika juu ya watu wa uwanda bila ya kukitazama. Kwa majuma kadhaa, basi, nyumba ya askari ilikuwa nyumba ya elimu. Lakini mwanachuo anayekitumia kitabu kile hana budi kukumbuka mahali kilipoanzia. Waimbaji waliitwa mbele ya mgeni aliyezungukwa na bunduki za serikali, mwaka mmoja tu baada ya misheni kuchomwa na waasi kuuawa. Yamkini wengine walikuja kwa furaha au kwa kutamani zawadi. Hata hivyo si rahisi kumtenga aliyekuja kwa kupenda na aliyekuja kwa kuwa wito wa boma haukatazwi.

Miaka kumi baadaye boma la Newala lilipata kujua udhaifu wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakiongozwa na Jenerali Ferreira Gil walivuka Ruvuma mwezi wa Septemba 1916, na tarehe 26 Oktoba waliliteka boma hilo. Wadachi walirudi kwa nguvu mwezi uliofuata. Hawakuanza na kuta, bali na maji, kwa maana uwanda wa Makonde hauna mito wala chemchemi juu yake. Maji yapo chini, mtelemkoni na mabondeni. Chemchemi ya Newala ilipotekwa tarehe 22 Novemba, waliokuwa ndani ya boma walikuwa na mizinga lakini hawakuwa na cha kunywa, na tarehe 28 walitoka usiku wakarudi ng'ambo ya mto. Wanawake wa Kimakonde, ambao tangu ujana wao walishuka na kupanda mteremko ule wenye mitungi vichwani, walikuwa wakiujua udhaifu huo siku zote. Hakuna aliyewauliza.

Mwezi wa Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita tena njia hiyo. Aliwaacha wagonjwa na majeruhi wake nyuma, akapunguza jeshi lake katika uwanda, akapitia Newala na kuvuka Ruvuma penye Ngomano tarehe 25. Siku tatu baadaye kikosi cha Tafel, kilichokuwa kikimtafuta bila ya kumpata, kilisalimu amri karibu na Newala. Katika muda wa mwaka mmoja na ushei, basi, Newala ilikuwa imeona mabendera ya Wadachi, Wareno na Waingereza. Kwa mkulima aliyenyang'anywa chakula chake na kila jeshi lililopita, tofauti kati ya mabendera hayo ilikuwa ndogo.

Polisi wa Tanganyika waliundwa rasmi mwaka 1919, makao yao makuu yakiwa Lushoto. Hapa inafaa kutazama kidogo huko Waingereza walikotoka. Katika mikoa ya Uingereza yenyewe, tangu sheria ya polisi wa mikoa ya mwaka 1839, palizoeleka polisi asiye na bunduki, mwenye kukaa na mkewe katika nyumba ndogo ya kijijini, ambayo chumba chake cha mbele ndicho ofisi. Jirani alibisha hodi. Lakini polisi waliopelekwa makoloni hawakufuata mfano huo. Walifuata mfano wa Ireland, nchi iliyotawaliwa kwa nguvu, ambako polisi walikaa kambini pamoja, wenye silaha, mbali na ndugu zao. Kwa hiyo katika Masasi na Newala askari aliyetoka mkoa mwingine, asiyejua Kimakonde wala Kimakua wala Kiyao, alipangiwa nyumba katika safu moja na wenzake, akafanya gwaride asubuhi, akalinda bendera, hazina na mahabusi. Mwaka 1931 idara ya magereza ilitengwa na polisi. Wafungwa wakapata walinzi wao, na nyumba ya askari ikapunguziwa mzigo mmoja.

Vijijini polisi walionekana kwa nadra. Sheria ya mwaka 1926, katika utawala wa Gavana Donald Cameron, ilitaka wenyeji watawaliwe kwa mikono ya wakubwa wao. Kwa Wamakonde, ambao hawakuwa na mfalme, agizo hilo lilileta taabu: serikali iliwatafuta wakubwa wa koo, ikawapa madaraka ambayo mila haikuwapa, na mwisho ikarudia maliwali iliowateua yenyewe. Kila liwali alikuwa na baraza, karani na matarishi wake. Tarishi ndiye aliyekuwa sura ya sheria kijijini. Alipeleka wito, alikamata, aliuliza stakabadhi za kodi. Watu walimjua kwa jina na walijua udhaifu wake, na pengine waliona ni heri kumpa kuku kuliko kufika bomani.

Hata hivyo katika zama hizo mlango wa boma ulianza kupitwa na watu wasiofungwa kamba. Mtu alikwenda kuomba leseni ya gobori ili awafukuze nguruwe na nyani shambani. Mwingine alikwenda kukata rufani juu ya hukumu ya liwali. Mjane alikwenda kudai mali, na kijana alikwenda kutafuta kazi. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba madaraka yote yalikaa chini ya paa moja. Mkuu wa wilaya alikusanya kodi, aliamuru askari, na pia alikaa kitini kama hakimu. Aliweza kuwa mlalamikaji asubuhi na mwamuzi adhuhuri. Raia aliyedhulumiwa na boma hakuwa na mahali pa kulishitaki ila bomani.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, paa hilo moja lilianza kugawanywa. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa, na kwa sheria ya mahakama ya mwaka huo huo zikaundwa mahakama za mwanzo chini ya idara ya sheria. Kituo cha polisi, mahakama na ofisi ya mkuu wa wilaya vikawa vitu vitatu, angalau katika sheria. Elangwa Shaidi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwaongoza polisi wa nchi. Amri sasa ilitolewa kwa Kiswahili. Lakini kambi, gwaride, mahabusi na kuta za boma zilibaki zilivyokuwa, na mazoea ya nyumba hayaondoki kwa kubadili mwenye nyumba.

Upesi likaja jambo lililoipa nyumba ya askari kazi mpya. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi kaskazini mwa Msumbiji. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wana lugha moja na undugu mwingi. Mpaka ulichorwa na wageni, na mto katika kiangazi huvukwa kwa miguu. Wakimbizi walivuka kwa maelfu. Kwa miaka kumi, mpaka mapatano ya Lusaka ya Septemba 1974, Masasi na Newala zilikuwa nyuma tu ya uwanja wa vita, na Nachingwea iliyo jirani ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapiganaji. Anayevuka mto alfajiri aliweza kuwa mkimbizi, mpiganaji, mwenye kumtembelea shangazi yake, au jasusi wa Wareno, na hakuna askari aliyetoka mbali awezaye kuwatambua hao wanne kwa kuwatazama. Aliyeweza ni jirani. Serikali ikahitaji macho ya watu wake kwa namna ambayo serikali za nyuma hazikuhitaji, na mwanakijiji akawa na sababu ya kwenda mwenyewe kutoa habari, kwa kuwa waliotishwa na mabomu ni watoto wake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulihimiza ulinzi wa mgambo, na katika vijiji vya mpakani wito huo haukuwa maneno ya mkutanoni tu.

Ulinzi huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa za kuwakusanya watu vijijini, na Mkoa wa Mtwara ulitangulia mikoa mingi katika kazi hiyo. Watu waliotoka katika vichaka walivyovifanya ngome kwa vizazi vingi walijengewa nyumba katika mistari iliyonyooka kando ya barabara. Zilipatikana shule, zahanati na, mahali pengine, bomba la maji. Mikorosho yao ilibaki mbali, ikisongwa na magugu na mioto ya porini. Korosho za nchi nzima, zilizofika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, zilianguka chini ya tani 20,000 katika muda wa miaka kumi na mitatu. Magonjwa ya mimea na bei duni vilichangia pia. Ilipofika 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, vituo vya polisi vya nchi viligeuka maghala ya sukari, sabuni na vitenge vilivyokamatwa. Na mtu aliyeficha kanga za doti mbili alimwogopa askari kama babu yake alivyomwogopa mdai wa rupia.

Korosho iliporudi kuwa mali, ilikuja na kesi zake. Ununuzi wa vijijini nje ya vyama vya ushirika, ambao watu wa kusini huuita kangomba, ulipigwa marufuku. Mnunuzi wa kangomba humkopesha mkulima mwenye njaa kabla ya mavuno, kisha huchukua korosho zake kwa bei ya kutupa. Mwezi wa Novemba 1917 uwandani palikuwa na majeshi ya vita. Mwezi wa Novemba 2018, miaka 101 baadaye, wanajeshi walirudi, safari hii kwa amri ya Rais Magufuli ya kununua na kusomba korosho zote kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Kila mkulima mwenye magunia mengi alitakiwa aonyeshe shamba lake ili ithibitike kuwa si mtu wa kangomba. Wapo waliofurahi kuona mlanguzi akibanwa. Wapo pia walioona kuwa mwenye mali ameanza tena kutazamwa kama mshitakiwa, mpaka athibitishe kinyume chake.

Yaliyotokea Masasi mwezi wa Januari 2013 yanaonyesha jinsi uzio wa zamani unavyoweza kuinuka kwa siku moja. Katika siku ambazo mkoa wote ulikuwa na hasira juu ya gesi ya Mtwara na bomba la kuipeleka Dar es Salaam, ugomvi kati ya polisi na vijana wa bodaboda ulizaa ghasia. Majengo ya umma, mahakama ya mwanzo ikiwa mojawapo, pamoja na nyumba za viongozi na magari, yalichomwa moto. Watu walipoteza maisha. Mwenye kusoma habari hizi pamoja na zile za 1905 asifanye haraka kuzilinganisha, kwa maana vijana wa 2013 walikuwa raia wenye kura, na serikali ilikuwa yao. Lakini jambo moja linafanana. Watu walioamini kuwa hakuna mlango wa kupelekea malalamiko yao walikwenda kuuchoma mlango. Mahakama ilichomwa pamoja na mali ya polisi na ya watawala, kana kwamba paa lile moja la mwaka 1926 lilikuwa bado halijagawanywa machoni pa watu.

Si haki, hata hivyo, kuimaliza habari kwa moto. Tangu mwaka 2006, katika uongozi wa Said Mwema, jeshi la polisi lilitangaza mpango wa polisi jamii. Askari walipangiwa kata wazijue kwa miguu, na vijiji vilihimizwa kuunda ulinzi shirikishi. Katika miaka iliyofuata vituo vilianza kuwekewa dawati la jinsia na watoto, mahali ambapo mwanamke aliyepigwa au mtoto aliyeharibiwa husikilizwa faraghani, na aghalabu na askari mwanamke. Jambo hili laweza kuonekana dogo, yaani meza, viti na mlango unaofungwa. Katika tarikhi ya nyumba hii ni jambo kubwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 mwanamke wa uwandani alifika bomani kumletea chakula mfungwa, au kuulizwa alikokimbilia mumewe. Sasa kuna chumba kilichowekwa kwa ajili ya neno lake mwenyewe. Kama atakitumia au hatakitumia, inategemea yatakayompata aliyetangulia kuingia. Maana habari za chumba hicho zitatangulia kisimani na kilabuni kabla ya tangazo lo lote la serikali.

Wilaya zenyewe zimegawanyika: Newala imezaa Tandahimba, na Masasi imezaa Nanyumbu. Mwezi wa Mei 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya Ruvuma, kati ya Mtambaswala na Negomano, katika nchi ile ile ambamo jeshi la von Lettow lilivuka maji 1917, na sasa askari wa mpakani hukagua hati za wasafiri na mizigo ya malori. Boma la Wadachi la Mikindani, lililojengwa 1895, limekarabatiwa na kufanywa hoteli, na wageni hulipia fedha ili walale mahali ambapo wengine walilazwa bure na bila ya kupenda. Boma la Newala halikupata raha hiyo. Limeendelea kufanya kazi ya dola, na kila anayeingia humo huleta pamoja naye yale aliyosimuliwa na wazee wake.

Kuta zile hazina kosa, wala kuzibomoa hakutabadili kitu. Palipokuwa na uzio wa kumzuia raia panaweza kuwa mahali pake, kwa sharti kwamba anayefika na shida asikilizwe kabla ya kushukiwa, na kwamba aliyedhulumiwa na askari apate mlango mwingine wa kumshitakia. Kituo, kwa asili ya neno, ni mahali pa kutua mzigo. Mama anayepanda mteremko wa Newala usiku, akiwa na mtoto mgongoni na shauri lake moyoni, ndiye atakayejua kama nyumba iliyo juu ya poromoko imekwisha kulistahili jina hilo.